Kuchemsha mchanga kwa hewa: tengeneza tabaka chemko dogo, kisha ulipime

Kila mwaka wanafunzi wakikaribia kwenda mafunzo kwa vitendo kwenye viwanda vya chai, mlango wa karakana yangu haufungiki. Maswali ni yale yale. Mchanga unachemkaje bila moto? Nitumie kompresa? Mbona nimefungua blowa yote na kona moja tu ndiyo inaruka? Naweza kuweka unga badala ya mchanga? Nimeamua kuandika mara moja, ili anayekuja kesho asome kwanza, aje na maswali mapya.

Hakuna jina la Kiswahili lililozoeleka kwa kitu hiki, kwa hiyo mimi nakiita tabaka chemko. Ukipitisha hewa kutoka chini ya mchanga, hewa inasugua kila chembe ikielekea juu. Ikiwa ndogo, inapenya katikati ya chembe na mchanga haujali. Ukiiongeza, msuguano unaongezeka, mpaka inafika kasi ambayo hewa inaubeba uzito wote wa mchanga. Hapo chembe zinaachiana, na mchanga unaanza kufanya kama uji jikoni: unatoa viputo, uso wake unajisawazisha, na vitu vyepesi vinaelea. Basi, nadharia imekwisha. Hewa ni baridi, moto hakuna.

Kwa nini uhangaike? Kwa sababu chembe zinazochemka zinachanganyika vizuri mno, na joto linafika kwa kila moja karibu sawasawa. Mjerumani Fritz Winkler alitumia hilo kupata gesi kutoka kwa makaa ya mawe miaka ya 1920. Mwaka 1942, kule Baton Rouge, Marekani, kiwanda cha kwanza kikubwa cha kuvunja mafuta mazito kuwa petroli kwa njia hii kilianza kazi. Huku kwetu utaikuta kwenye draya za viwanda vya chai, ambako majani yaliyosagwa yanaingia yamelowa upande mmoja na kutoka upande wa pili makavu, yakitembea yenyewe juu ya hewa ya moto kama maji mferejini.

Sisi tunaanza na mchanga, maana mchanga hauharibiki na hausemi uongo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze kugundisha kitu mpaka vyote viwe mezani.

- Vioo vinne vya unene wa milimita 5, urefu sentimita 60. Viwili viwe na upana wa sentimita 10, viwili sentimita 11. Fundi vioo atakukatia. Mwambie akusugulie kingo.
- Silikoni ya kutengenezea matangi ya samaki.
- Bamba la plastiki ngumu, milimita 3 au 4, sentimita 14 kwa 14.
- Kitambaa cha amerikani, nusu mita.
- Kijisanduku cha mbao nzito au plywood, kimo sentimita 10, kisicho na mfuniko. Hiki ni chumba cha hewa.
- Vizibo vya soda, vya kujaza hicho kijisanduku. Muuza duka atakupa bure.
- Blowa, au mashine ya kufyonza vumbi yenye tundu la kupulizia.
- Kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, na koki moja.
- Mita mbili za ule mpira mwembamba wa kuona ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia levo.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli, skrubu, rula, mizani ya dukani, saa ya simu.
- Boksi la sentimita 40 kila upande na mfuko wa plastiki mkubwa kuliko boksi hilo. Wauza magodoro wanayo mifuko ya namna hiyo.
- Mchanga wa mto, ndoo moja.
- Barakoa ya vumbi na miwani. Hivi si vya hiari. Vumbi laini la mchanga likiingia mapafuni halitoki.

Na sasa yale ya kompresa na unga. Kompresa ya gereji ina mgandamizo mkubwa kuliko kioo chako kinavyoweza kuvumilia, na hewa yake ina maji na mafuta ndani. Iache. Unga nao una matatizo mawili. Kwanza hauchemki: chembe zake ni ndogo mno, zinang'ang'aniana, na hewa inatoboa nyufa na kupita zake. Pili, vumbi la unga, sukari au mbao likitanda hewani karibu na cheche linalipuka. Sitaki kusikia mtu amejaribu.

Hatua ya 1: Tayarisha mchanga

Osha mchanga kwenye ndoo, koroga, mwaga maji machafu, rudia mpaka maji yabaki meupe. Mara sita au saba ni kawaida. Ukiwa pwani na umechota ufukweni, ongeza mara tatu zaidi, maana chumvi ikibaki inavuta unyevu na mchanga wako utashikana kila asubuhi.

Anika juani siku nzima kwenye turubai, kisha chekecha. Mwenye chekeche za maabara achukue mchanga unaopita kwenye tundu za mikroni 425 na kubaki kwenye 212 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Wastani utakuwa kama milimita 0.3. Asiye nazo atumie chekeche la unga na kutupa kinachobaki juu. Utakachopata kitakuwa na ukubwa mchanganyiko, lakini kitachemka.

Ukubwa wa chembe ndio unaoamua hewa kiasi gani utahitaji, na watu hawaamini jinsi tofauti ilivyo kubwa. Mchanga wa milimita 0.2 unaanza kuchemka hewa ikipanda kama sentimita 3.5 kwa sekunde. Wa milimita 0.3 unataka kama 8. Wa nusu milimita unataka kama 20. Blowa yako ikiwa dhaifu, usikimbilie kununua nyingine, chekecha mchanga laini zaidi.

Hatua ya 2: Toboa bamba

Hii ndiyo roho ya kazi yote. Nimeona watu wakitumia wiki nzima kupendezesha vioo, halafu bamba wanalitoboa kwa msumari wa moto kwa dakika tano.

Bamba lina kazi ya kuilazimisha hewa igawanyike sawa. Hewa ni mvivu, inapita pale penye upinzani mdogo. Bamba likiwa wazi mno, mahali ambapo mchanga umepungua hata kidogo tu hewa yote inakimbilia hapo, inazidi kuusukuma, na pale pengine panalala. Kwa hiyo bamba lenyewe liwe na upinzani wa maana: karibu robo hadi theluthi ya upinzani wa mchanga ulio juu yake.

Weka alama ya mraba wa sentimita 10 katikati ya bamba. Ndani yake toboa matundu 36, mistari sita ya matundu sita, kwa keekee ya milimita 1.5. Yasambaze sawa kwa rula. Kisha bandika tabaka moja la amerikani juu ya matundu ili mchanga usidondoke, na tabaka jingine upande wa chini. La chini libandike kwa gundi kidogo pembeni tu. Huenda ukaongeza mengine baadaye.

Bamba langu la kwanza nililitoboa matundu ya milimita 4, nikidhani hewa nyingi ni heri. Kona ya kushoto ilirusha mchanga mpaka darini, na upande wa kulia ulikaa kimya kama kaburi. Nilikaa siku mbili nikiilaumu blowa.

Hatua ya 3: Unganisha

Simamisha vioo vinne viwe mnara wenye nafasi ya sentimita 10 kwa 10 ndani: vile vya sentimita 11 vifunike kingo za vile vya 10. Paka silikoni, funga kwa utepe wa karatasi wenye gundi, acha siku mbili. Siku mbili, si usiku mmoja. Kisha usimamishe mnara juu ya bamba, mraba juu ya mraba, na uzungushie silikoni nje na ndani. Uzi wa silikoni wa ndani ukamate na kingo za kitambaa, la sivyo mchanga utapenya chini yake.

Toboa kijisanduku tundu mbili ubavuni: kubwa la bomba la blowa, dogo la mpira wa levo. Kijaze vizibo vya soda. Bila vizibo, hewa inaingia kama risasi, inagonga ukuta wa pili na kupanda upande huo tu. Kata tyubu ya baiskeli iwe mkanda wa kuzuia hewa mdomoni mwa kijisanduku, laza bamba juu, kaza kwa skrubu.

Kati ya blowa na kijisanduku weka kile kiungo cha midomo mitatu. Mdomo mmoja uende kwenye kijisanduku, mwingine uwe na koki inayomwaga hewa nje. Utadhibiti hewa kwa kufungua na kufunga koki hiyo ya kumwagia. Ukiibana blowa yenyewe, injini yake inakosa hewa ya kupoa na itaungua.

Hatua ya 4: Funga manomita

Manomita ni kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kunja mpira wa levo uwe kama herufi U juu ya ubao, kila mguu sentimita 60, utie maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja iingie kwenye kijisanduku, nyingine ibaki wazi. Kisomo ni tofauti ya kimo kati ya miguu miwili. Kila mwaka kuna mtu anasoma mguu mmoja tu na kupata nusu ya jibu.

Hatua ya 5: Endesha tupu

Bila mchanga, fungua koki ya kumwagia yote, washa blowa, kisha funga koki kidogo kidogo. Ukianza koki ikiwa imefungwa, maji ya manomita yatakurukia usoni.

Ili kujua hewa ni kiasi gani, funika mnara kwa kipande cha plywood chenye bomba nene katikati, la inchi moja na nusu, linaloingia kwenye mfuko uliowekwa ndani ya boksi. Usizibe bomba hilo hata kwa mzaha. Kandamiza mfuko uwe bapa, anza saa, simamisha mfuko ukijaa hadi kwenye pembe za boksi. Boksi ni lita 64, yaani sentimita za ujazo 64,000, na mnara wako una sentimita za mraba 100, kwa hiyo hesabu ni rahisi: gawanya 640 kwa sekunde ulizopata, jibu ni kasi ya hewa kwa sentimita kwa sekunde. Sekunde 80 ni kasi ya 8.

Pata visomo sita au saba vya kasi tofauti na andika manomita inasoma nini kwa kila kimoja. Kwenye kasi ya 8, bamba tupu lionyeshe sentimita 5 hadi 8 za maji. Likiwa chini ya hapo, fungua skrubu uongeze tabaka la amerikani upande wa chini. Likizidi sana, punguza. Usiendelee mpaka hapa pakae sawa.

Hatua ya 6: Piga hesabu kabla ya kumimina

Pima kilo 2.25 za mchanga mkavu. Ukiumimina utafika kimo cha kama sentimita 15.

Sasa chukua kalamu. Gramu 2,250 juu ya sentimita za mraba 100 ni gramu 22.5 kwa kila sentimita ya mraba. Sentimita moja ya maji ina uzito wa gramu moja kwa sentimita ya mraba. Kwa hiyo mchanga ukichemka kikamilifu, manomita ni lazima ionyeshe sentimita 22.5, ukishatoa za bamba. Andika namba hiyo kwa wino mkubwa ukutani. Ndiyo hakimu wako.

Hatua ya 7: Chemsha kwa nguvu kwanza, ndipo ushuke

Wengi hapa wanakosea kwa sababu wanaanza na hewa kidogo na kupanda wakiandika visomo. Mchanga uliomiminwa umejibana, kwa hiyo manomita itapanda kupita 22.5, halafu ianguke ghafla mchanga unapoachia. Namba hizo zitakuchanganya.

Fanya kinyume. Funga koki mpaka mchanga uchemke kwa fujo, viputo vya ukubwa wa ndimu vikipasuka juu. Uache dakika tatu. Kisha fungua koki taratibu, ukisimama kila mahali, upime kasi kwa boksi na usome manomita. Endelea mpaka mchanga ulale kabisa.

Hatua ya 8: Chora

Kasi chini, manomita pembeni, ukiwa umetoa za bamba. Kwa mchanga wa milimita 0.3 utaona kitu cha namna hii: kwenye kasi ya 12, manomita 22.5. Kwenye 10, bado 22.5. Kwenye 8, bado ipo hapo. Kwenye 6 imeshuka hadi kama 17, kwenye 4 kama 11, kwenye 2 kama 5 na nusu. Mstari ulio bapa, halafu unakatika na kuteremka. Pale unapokatika ndipo kasi ya kuanza kuchemka.

Tazama huo ubapa vizuri. Umeongeza hewa kutoka 8 hadi 12 na mgandamizo haukupanda hata kidogo. Ni kwa sababu mchanga ukishabebwa umeshabebwa, uzito wake hauongezeki. Hewa ya ziada inapanda kama viputo na kutoka.

Hatua ya 9: Chezea

Ondoa mfuniko, vaa miwani. Zika kipande cha mti mkavu chini kabisa, kisha chemsha: kitaibuka. Weka nati ya chuma juu: itazama usiione tena. Kisha chukua kiazi mviringo kidogo. Kitie kwenye ndoo ya maji, kinazama. Kitie kwenye mchanga unaochemka, kinaelea na kucheza, kwa sababu lita moja ya mchanga huu ni nzito kuliko lita ya maji. Zima blowa, kiazi kinabaki kimenaswa kama kimejengewa zege.

Ukikwama

*Kona moja inaruka, pengine kimya.* Bamba lako ni wazi mno, au silikoni imeachia pembeni. Rudi hatua ya 5.

*Manomita haifiki 22.5 na mchanga unaonekana unachemka.* Amini manomita. Kuna sehemu iliyolala chini ambayo huioni, au hewa imetoboa njia yake. Chomeka kijiti kirefu chini kwenye kila pembe. Pakiwa pagumu, ndipo palipolala. Mara nyingi ni mchanga wenye unyevu.

*Manomita imezidi 22.5.* Umesahau kutoa za bamba. Kama hukusahau, umesoma ukiwa unapanda badala ya kushuka.

*Mchanga unapanda wote kama kizibo, halafu unaanguka kwa kishindo.* Umejaza mno. Viputo vinakua vikipanda, na mnara ukiwa mwembamba kiputo kimoja kinajaza upana wote. Punguza hadi kimo cha sentimita 15 au chini.

*Maji ya manomita yanacheza, hayasomeki.* Ni viputo. Sokomeza pamba kidogo sana kwenye mpira, upande wa kijisanduku.

*Jana bamba tupu lilisoma 6, leo linasoma 11.* Kitambaa kimeziba vumbi. Ama hukuosha mchanga vya kutosha, ama blowa inavuta vumbi la karakana; ifunge kitambaa mdomoni.

*Mchanga unaganda kwenye kioo kama umepakwa.* Ni umeme tuli, hasa siku kavu. Bandika ukanda wa karatasi ya aluminiamu ndani ya kioo, uunganishe kwa waya hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini.

*Nimeweka majani ya chai mabichi yaliyosagwa, hayachemki.* Hayawezi, yamelowa na yananata. Kwenye draya halisi, upande wa kuingilia hupewa hewa nyingi zaidi, na jani bichi linaangukia kati ya majani yaliyokwisha anza kukauka, ambayo yanalitenganisha. Changanya kiganja kimoja cha mabichi na viganja vinne vya makavu, ujaribu tena. Mfuniko uvae wavu wa mbu, maana majani makavu ni mepesi na mwenye karakana hatapenda.